Muvi za vita zinazomwonyesha askari wa miguu kama alivyo: mnazipimaje?

Jumamosi Saa Mbili anauliza:

Habarini wakuu. Natafuta muvi za vita zinazomhusu askari wa kawaida wa miguu, yule wa seksheni (kikundi cha watu kama 10) na platuni (seksheni kadhaa pamoja). Simtaki komando anayefyeka kambi nzima peke yake, wala jenerali aliyesimama mbele ya ramani. Kila nikiuliza napewa majina yaleyale na sababu ileile: "ina damu nyingi, ile ni halisi." Siamini kwamba damu ndiyo kipimo. Hata muvi ya uongo mtupu inaweza kumwaga damu pipa zima.

Naomba msaada kwenye haya. Mtu ambaye hajawahi kushika bunduki atazame nini hasa ili ajue hapa wametumia akili na hapa wamedanganya? Ile sehemu ya ufukweni ya Saving Private Ryan inasifiwa tangu itoke mwaka 1998. Ni kweli iko sahihi kiasi hicho au ni ufundi wa kamera tu? Na je, ipo yoyote iliyogusa Afrika ambayo mtu anayejua vita hataizima katikati? Nataka kuonyesha 5 tu, moja kila Jumamosi, na niwaelekeze watazamaji wanapopaswa kuweka jicho.

Seksheni ya Tatu anajibu:

Mkuu, kuhusu damu umesema kweli kabisa. Anza na jambo lisilohitaji ujuzi wowote wa silaha: nafasi kati ya askari na askari. Kwenye eneo la wazi watu huachana kama mita 5, na panapohofiwa mizinga huachana hata 10. Guruneti la mkono kama M67 la Wamarekani huua kwa urahisi ndani ya mita 5 na hujeruhi hadi kama mita 15. Seksheni ikisongamana, moja linatosha kuimaliza. Usiku au kwenye msitu mzito hukaribiana, maana hapo hatari kubwa ni kupotezana. Kamera inataka kinyume chake. Inataka nyuso 8 kwenye fremu moja, waongee, tuwajue. Ndiyo maana muvi nyingi zinaonyesha platuni nzima ikikatiza uwanja bega kwa bega kama watu wanaotoka mpirani. Ukiona mwongozaji amekubali kupoteza nyuso, wa karibu anaonekana vizuri, wa pili nusu, wa tatu ni kofia tu inayopita juu ya nyasi, ujue amemsikiliza mshauri wake wa kijeshi.

Halafu hesabu risasi. AK ina risasi 30 kwenye magazini na hutoa kama 600 kwa dakika ikiachiwa mfululizo. Maana yake ni sekunde 3. Moja, mbili, tatu, imekauka. Thompson ya vita vya pili ikiwa na magazini ya 30 haifiki hata hizo 3. M16 ya Vietnam yenye magazini ya 20 ni sekunde moja na nusu hivi. Kwa hiyo askari aliyefundishwa hupiga moja moja, au mbili tatu akaachia. M60, lile bombomu (bunduki ya rasharasha) la Wamarekani Vietnam, ukanda wake wa risasi 100 unaisha kwa sekunde 11 ukikaza kidole, na ukanda huo una uzito wa kama kilo 3, juu ya kilo 10 na nusu za bunduki yenyewe. Ndiyo maana mikanda hugawanywa kwa platuni nzima, kila mtu abebe mmoja au miwili kwa ajili ya mpiga bombomu. Muvi ikimwonyesha mtu mmoja anamimina dakika 4 kwa ukanda mmoja, funga daftari. Na ile mikanda ya kuvaa kifuani kama mapambo ilivaliwa kweli, lakini inaokota tope na mchanga, viungo vyake vinapinda, na bunduki inakwama wakati mbaya kuliko wote. Muvi inayothubutu kuonyesha bunduki imekwama kwa sababu hiyo ni adimu sana.

Kinachofuata ndicho kikubwa kuliko vyote kwangu: adui haonekani. Mapigano ya askari wa miguu, sehemu kubwa, ni kupiga kichaka, dirisha, ukingo wa handaki, mahali vumbi lilipotimka. Nusu ya seksheni inapiga ili walio upande wa pili wasiinue vichwa, nusu nyingine inakimbia. Na haikimbii mbali. Mbio moja ni ya sekunde 3 hadi 5, kisha unajitupa chini, kwa sababu mtu aliyejificha anahitaji karibu muda huo kukuona, kukulenga na kufyatua. Tazama muvi yoyote kwa kipimo hicho. Mhusika anayekimbia mita 80 wima huku risasi zinamkosa hajaokolewa na ushujaa, ameokolewa na mwandishi.

Guruneti nalo lina mtihani wake. Tangu kuachiwa ule wenzo unaobanwa na kiganja hadi mlipuko ni sekunde 4 hadi 5 hivi kwa M67. Hesabu kwa sauti. Mlipuko wa kweli ni kishindo kifupi, vumbi na moshi wa kijivu, umekwisha. Lile tufani la moto wa rangi ya machungwa ni petroli iliyowashwa na mafundi wa milipuko. Na pini haivutwi kwa meno. Miguu yake imekunjwa makusudi isichomoke ovyo, utang'oa jino kabla ya pini.

Fundi Mitambo anajibu:

Naongezea sauti, maana wengi wanatazama tu na hawasikilizi.

Risasi ya bunduki inasafiri kwa kasi ya mita 700 hadi zaidi ya 900 kwa sekunde inapotoka mdomoni. Sauti hewani inakwenda mita 340 hivi. Kwa hiyo aliye upande wa kupigwa anasikia vitu viwili, na vinakuja kwa mpangilio unaowashangaza watu. Kwanza mpasuko mkali karibu na sikio, "ta!", kama mjeledi uliokatika hewani, hiyo ni risasi yenyewe inapopita. Baadaye kidogo, kutoka mbali, "du", sauti nzito na butu; hiyo ni bunduki. AK ikipigwa kutoka mita 300, pengo kati ya "ta" na "du" ni karibu theluthi moja ya sekunde. Mzoefu hutumia pengo hilo kukadiria adui yuko mbali kiasi gani, na ile "du" kujua yuko upande gani. Mgeni hugeukia ule mpasuko, na mpasuko hausemi kweli kuhusu upande.

Muvi nyingi zinafuta "ta" na kuacha "du" iliyonenepeshwa, au zinaweka ule mluzi wa "piyuuu" kila risasi. Mluzi upo, lakini ni wa risasi iliyogonga jiwe au chuma ikapinda njia, haipigi hivyo kila mara. Mlipuko wa mbali nao: ukiuona kilomita moja, unapaswa kuusikia baada ya sekunde 3. Kwenye muvi unausikia palepale, kwa sababu wahariri wanaogopa mtazamaji atadhani sauti imeharibika.

Jambo jingine ni kwamba amri hazisikiki. Bunduki 10 zikipiga pamoja, sajini anapaza sauti mtu wa mita 6 hamsikii. Amri hupitishwa mdomo kwa mdomo, kwa kofi la bega, kwa ishara ya mkono. Muvi ambamo luteni anatoa hotuba katikati ya mapigano na platuni nzima inaitikia imepuuza masikio kabisa.

Na hapa niseme kwa dhati: ukiamua kuonyesha, tafadhali usitumie zile nakala zilizotafsiriwa na madijei. Wale wana kipaji chao na kwa muvi za ngumi wanapendeza mno. Lakini sauti ya dijei inakaa juu ya kila kitu, na inaziba kimya. Muvi nzuri ya askari wa miguu inaishi kwenye kimya: dakika 3 watu wanasikiliza vichaka, unasikia mbu, unasikia mkanda wa begi unavyokwaruza. Dijei hawezi kukaa kimya dakika 3. Tafuta nakala yenye maandishi chini.

Jumamosi Saa Mbili:

Nashukuru sana. Fundi, ule mlio wa M1 Garand, "king!", kile kishikizo cha risasi kinaporuka bunduki ikiisha risasi: ni kweli Wajerumani walikuwa wanausubiri ndipo wainuke wampige mtu?

Fundi Mitambo:

Mlio ni wa kweli. Garand inabeba risasi 8 kwenye kishikizo cha chuma, na baada ya ya nane kishikizo kinarushwa nje chenyewe na kulia. Lakini hesabu umbali. Mtu yuko mita 100, masikio yake yanavuma kwa bunduki zake mwenyewe, na pembeni ya yule Mmarekani wapo wengine 11, maana seksheni yao ilikuwa ya watu 12. Mmoja kuishiwa hakukuwapa Wajerumani nafasi yoyote. Muvi zinaupenda mlio huo kwa sababu unasikika vizuri kwenye spika.

Nyuma ya Lenzi anajibu:

Nijibu la ufukweni, kwa sababu pale ufundi na ukweli vimechanganyika hadi watu hawavitofautishi.

Ule "uhalisia" unaouhisi umetokana kwanza na shata, kile kizibo cha kamera kinachoruhusu na kuzuia mwanga. Kamera ya filamu inapiga fremu 24 kwa sekunde, na kwa kawaida shata huwa wazi nyuzi 180, yaani kila fremu inapata mwanga kwa sekunde 1/48. Mkono ukipunga unaacha ukungu kidogo, na jicho letu limezoea ukungu huo. Janusz Kamiński, mpiga picha wa Spielberg, mwongozaji wa muvi hiyo, alifunga shata hadi nyuzi 90 na 45. Kwa 45 kila fremu ni 1/192 ya sekunde. Ukungu unatoweka. Punje za mchanga zilizorushwa na mlipuko unaziona moja moja, na mwendo unakuwa wa kukatika-katika. Lenzi nazo zilibanduliwa ule utando unaozuia mng'ao, ili picha ifanane na ya kamera za zamani. Rangi zikafifishwa. Kwa hiyo jicho lako linaamini kabla akili haijauliza swali.

Waliyofanya vizuri kwa upande wa askari: picha zilipigwa Curracloe, pwani ya Wexford nchini Ireland, wakatumika askari wa akiba wa Ireland ambao tayari walijua kujitupa chini na kubeba bunduki. Waliopoteza viungo kwenye picha wengi ni watu ambao kweli walikuwa hawana kiungo hicho, ndiyo maana jeraha halionekani kama mkono uliofichwa nyuma ya shati. Waigizaji wakuu walipelekwa kambini siku kadhaa na Dale Dye, mwanamaji mstaafu wa Marekani, wakalala kwenye mvua. Tazama bunduki zao: mfuko wa plastiki umefunika bunduki hadi watoke majini. Ule mfuko ni kitu kidogo ambacho muvi nyingine za Normandy husahau.

Yasiyokaa sawa sasa. Risasi ya bunduki ya kasi haimwui mtu aliye chini sana ya maji. Ikigonga maji inapindana au kuvunjika na kupoteza nguvu ndani ya mita moja hivi. Zile picha za watu wanaochomwa risasi wakizama ni nzuri mno na si za kuaminiwa. Pili, Omaha, ule ufukwe wa Normandy, Ufaransa, unaoonyeshwa, ilishambuliwa maji yakiwa yamekupwa, na mchanga wa wazi hadi kwenye ukingo ulikuwa karibu mita 300. Kwenye muvi wanafika upesi mno. Anayejua pwani zetu aivute picha ya maji kupwa, akimbie mita 300 kwenye mchanga uliolowa akiwa na mzigo wa kilo 30 na nguo zilizojaa maji. Huwezi kukimbia. Unatembea kwa kujikokota, na hilo ndilo lililowaua. Tatu, kombania (platuni kadhaa pamoja) ya Rangers, askari teule wa Kimarekani, inayoonyeshwa ilishushwa kwa boti za Kiingereza zilizoendeshwa na mabaharia wa Uingereza. Kwenye muvi ni boti za Kimarekani.

Kuhusu vita vya mwisho, vya darajani, hapo mimi najitenga na wanaosifu. Vifaru viwili vya Tiger vya Kijerumani vimetengenezwa juu ya vifaru vya T-34 vya Kirusi, hilo namsamehe fundi. Lakini Wajerumani wazoefu kuingiza vifaru kwenye mtaa mwembamba wa magofu huku askari wao wa miguu wamejazana kando yake bila kwanza kusafisha nyumba, hapana. Hapo vita vimepangwa kwa faida ya mashujaa.

Kwa wanaotengeneza filamu fupi huku nyumbani, na kwa mtazamaji pia: risasi baridi na bunduki za kuchezea hutambulika kirahisi. Risasi baridi inatoa mwali mkubwa mchana kweupe, wakati bunduki nyingi za vita zina kizuia mwali na mchana huoni karibu kitu. Risasi baridi haina teke. Tazama bega la mwigizaji, kama halisogei kabisa hakufundishwa kuigiza teke. Na maganda yake mdomo umefinywa kama nyota, ukiyaona kwa karibu chini ardhini umekamata. Bunduki ya kuchezea iliyoongezewa mwali kwa kompyuta haina moshi, haina ganda linaloruka, na kile kipande cha ubavuni hakisogei. Hata hivyo, kama bajeti ni ndogo, tumia ya kuchezea. Risasi baridi kwa karibu imeua waigizaji. Gesi na mabaki yanayotoka mdomoni yana nguvu ya kuvunja fuvu. Kamwe usimwelekezee mtu, lenga pembeni yake, kamera itaficha pengo.

Bendeji na Chumvi anajibu:

Kaka zangu mmezungumza silaha, naomba niseme majeraha, kwa kuwa hapo ndipo muvi zinadanganya kwa utulivu zaidi.

Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa kwa dakika chache, 3 hadi 5. Huo si muda wa kumshika mkono akuelezee kuhusu mama yake. Kinachotakiwa ni mkanda wa kuzuia damu, uwekwe juu ya jeraha kwa vidole vitatu vinne, usifungwe kwenye goti lenyewe, ukazwe kwa kijiti hadi damu isimame, kisha saa iandikwe. Unauma kuliko risasi yenyewe, mtu hupiga kelele akiwekewa. Kwenye muvi wanafunga mshipi wa suruali kilegevu na mgonjwa anatulia. Hiyo haizuii kitu. Mkanda wa kulegea ni mbaya zaidi ya kutofunga, kwa sababu unazuia damu kurudi huku ile ya moyo ikiendelea kumwagika.

Kuchokoa risasi kwa kisu porini nako ni upuuzi. Risasi ikishasimama mwilini haina haraka. Kinachoua ni damu, pumzi na baadaye uchafu. Kuchokoa kunaongeza vyote.

Na tazama hesabu ya watu. Majeruhi mmoja wa machela anahitaji wabebaji 4, na kwenye mlima wanabadilishana. Seksheni ya 10 ikipata majeruhi wawili, haina tena watu wa kupigana. Muvi ya kweli inaonyesha shambulio likisimama kwa sababu hiyo, na inaonyesha kamanda anavyochukia kuamua.

Kwa hili hakuna inayoifikia Kajaki ya 2014, ya mwongozaji Paul Katis. Ni tukio la tarehe 6 Septemba 2006 karibu na bwawa la Kajaki, Helmand, Afghanistan. Askari wa Uingereza wa kikosi cha miavuli cha 3 PARA wanaingia kwenye bonde kavu lililojaa mabomu ya ardhini ya enzi za Warusi. Mmoja anakanyaga. Wanaokuja kumsaidia wanakanyaga. Kwa sehemu kubwa ya muvi hakuna adui, hakuna anayepigwa risasi, na watu hawawezi kusogeza mguu hatua moja. Wanarushiana chupa ya maji na dawa kwa mkono, na wewe mtazamaji unafuata ile chupa kwa macho ukiomba isiangukie pabaya. Helikopta inafika bila winchi ya kuwanyanyua, na upepo wake unaongeza hatari. Watatu walipoteza mguu, na Koplo Mark Wright alifariki; alipewa George Cross, nishani kubwa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kifo. Tazama jinsi wanavyotaniana hata wakiwa wameumia. Hawafanyi hivyo kwa kutojali. Mwenzio akiacha kujibu utani ndipo unajua anazimia, na kwenye muvi wanalijua hilo.

Tahadhari: waambie watu mapema. Yapo majeraha yanayoonyeshwa kwa muda mrefu, na mtu aliyepoteza ndugu kwa bomu asikutane nayo kwa kushtukizwa.

Mto Lufira anajibu:

La Afrika nitalijibu mimi. Zipo mbili ninazozitetea, na zote zina kasoro.

The Siege of Jadotville, 2016. Jadotville ndiyo Likasi ya leo, Katanga, mji ambao mitaani utasikia Kiswahili cha kule. Kombania A ya batalioni ya 35 ya Ireland, watu kama 155 chini ya Umoja wa Mataifa, ilizingirwa kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961 na jandarmeri (jeshi) ya Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, pamoja na mamluki wa Kizungu. Shambulio lilianza asubuhi wengi wakiwa kwenye misa. Kamanda wao, Pat Quinlan, alikuwa ameshawalazimisha kuchimba mahandaki kabla ya lolote kutokea, na hilo ndilo jibu la swali ambalo kila mtazamaji huuliza: walijeruhiwa 5 na hakuna aliyekufa. Handaki. Muvi inalipa jembe heshima yake, na kwa hilo naipenda.

Mwambie kila mtu aitazame kwa jicho la maji. Bombomu za Vickers walizokuwa nazo zinapozwa kwa maji, mfuko wake unachukua kama lita 4, na ukipiga mfululizo risasi mia sita hivi yanaanza kuchemka. Kwa hiyo mtu na bunduki wanagombea ndoo moja, kwenye joto la Septemba la Katanga ambapo mvua hazijafika. Helikopta iliyofanikiwa kutua ilileta maji kwenye madebe yaliyowahi kubeba mafuta, hayakunyweka. Msafara wa kuwaokoa ukakwama kwenye daraja la Lufira. Hawakujisalimisha kwa kukosa moyo; risasi na maji viliisha. Serikali yao ilichukua hadi 2016 kuwapa heshima kama kikosi.

Kasoro yake ni kubwa na siifichi: Wakatanga ni halaiki isiyo na sura, wanakimbilia risasi mchana kweupe wimbi baada ya wimbi. Jandarmu wa Likasi naye alikuwa askari wa miguu, alikuwa na sajini, njaa na woga. Muvi haikumpa hata dakika moja. Picha zenyewe zilipigwa Afrika Kusini, na anayeijua nchi ya Katanga ataona vichuguu vyake vikubwa havipo.

Ya pili ni Indigènes ya Rachid Bouchareb, 2006, askari wa Afrika Kaskazini waliopigania Ufaransa, Italia hadi Alsace. Shambulio la kwanza mlimani ndilo la kusimamisha na kujadili: kombania inapandishwa wazi ili Wajerumani wafyatue, mizinga ya Kifaransa ipate kuwaona walipo. Hakuna anayewaambia askari kwamba wao ndio chambo. Wanaotazama wanaelewa kabla ya wanaopanda. Waigizaji wake wakuu walipewa tuzo ya pamoja ya uigizaji kule Cannes, na mwaka huohuo Ufaransa ikapandisha pensheni za wazee waliokuwa bado hai, zilizokuwa zimegandishwa tangu makoloni yapate uhuru.

Na ningependa kuona mtu wa kwetu akiishika habari ya divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Burma, 1944. KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, amri kwa Kiswahili, wakiteremka bonde la Kabaw wakati wa masika, malaria na tifasi ya vichakani vikiwaangusha, hadi Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Hapo mazungumzo hayahitaji kutafsiriwa na yeyote.

Jumamosi Saa Mbili:

Mto Lufira, umenipa kazi nzuri. Nimeiweka Kajaki na Jadotville. Indigènes pia. Nikiwa na nafasi mbili za Vietnam, ni Platoon na Hamburger Hill? Au niache moja?

Seksheni ya Tatu:

Acha moja, na nafasi hiyo mpe Mfini. Nitaeleza.

Platoon (1986) Oliver Stone aliijua kwa ngozi yake, alihudumu divisheni ya 25 mwaka 1967 hadi 1968. Waigizaji waliwekwa msituni Ufilipino wiki mbili na Dale Dye yuleyule, wakachimba mashimo ya kulala na kushika zamu za usiku, kisha wakaingizwa kwenye kupiga picha wakiwa wamechoka hivyohivyo. Yale macho mekundu si vipodozi. Robo saa ya kwanza ni dhahabu: kijana mgeni amebeba kila alichopewa, anazimia kwa mzigo, na Sajini Elias anaufungua mfuko wake anatupa kimoja kimoja asivyohitaji. Kila platuni inayopokea wageni inajua tendo hilo. Halafu uviziaji wa usiku: aliyepaswa kuwa zamu amelala, kijana anawaona adui wakija kama vivuli na mwili unaganda. Lakini nusu ya pili inageuka ugomvi wa masajini wawili, mwema na mbaya, na hapo inakuwa tamthilia zaidi ya vita.

Hamburger Hill (1987) haina hila hiyo. Kilima 937, bonde la A Shau, Mei 1969, siku 10 za kupanda, kurudishwa, kupanda tena. Inachosha kutazama na inapaswa kuchosha. Mvua inaligeuza jeraha la kilima kuwa tope, watu wanateleza chini pamoja na majeruhi wao, bunduki zinajaa udongo. Helikopta zao wenyewe zinawapiga. Mtazamaji wa kawaida atalalamika kwamba wahusika wanachanganyikana, hajui nani amekufa. Mwambie avumilie; na wao kwa wao walichanganyikiwa hivyohivyo, wageni walikuja na kufa kabla hawajazoeleka majina. Kilima kilichotekwa kwa damu hiyo kiliachwa mwezi uliofuata.

Kwa hiyo Vietnam chukua Hamburger Hill. Ya tano ni Talvisota ya Pekka Parikka, 1989, vita vya Ufini dhidi ya Urusi majira ya baridi ya 1939 hadi 1940. Ina zaidi ya saa 3. Ni kikosi cha wakulima wa jimbo moja, wanajuana kwa majina ya mashamba, wanakaa kwenye mahandaki ya Taipale. Mizinga inapiga, inanyamaza, Warusi wanakuja, wanarudishwa, mizinga inapiga tena. Muvi nyingine inaonyesha kufyatuliwa kwa mizinga mara moja kisha inaenda mbele. Hii inakurudisha pale pale mara ya tano, ya sita, hadi unaanza kusikiliza kimya kwa hofu, maana umejifunza kwamba mizinga ikinyamaza ndipo watu wanakuja. Wahusika hawakufundishi hilo kwa maneno. Unajifunza mwilini kama wao. Na uangalie mashimo ya juu ya handaki: ukingo unazidi kuliwa, kila shambulio handaki linapungua kina, na mtu aliyekuwa anasimama wima mwanzoni, mwishoni anapigana amepiga magoti.

Mpangilio wangu: Hamburger Hill kwanza, wazoee umbali na uchovu. Jadotville ya pili, nyepesi kidogo, na iko karibu na nyumbani. Talvisota ya tatu, ianze saa moja badala ya saa mbili kwa sababu ya urefu, na uweke mapumziko baada ya saa moja na nusu. Indigènes ya nne. Kajaki ya mwisho.

Fundi Mitambo:

Kwa Talvisota na Kajaki punguza besi ya spika. Kumbi nyingi zinaikaza kwa ajili ya muziki, na besi ikizidi inameza ule "ta" wa risasi, unabaki na ngurumo tupu. Jaribu dakika 10 za mapigano mchana ukiwa umesimama kiti cha mwisho nyuma. Kama maneno ya askari yanasikika yote bila shida wakati wanapiga, bado haijakaa sawa, maana hata wao hawakusikiana.

Jumamosi Saa Mbili:

Nimeandika yote. Nitachora pia ramani ya Likasi, Lufira na Elisabethville ya wakati ule kwenye karatasi kubwa, ibandikwe ukutani kabla Jadotville haijaanza, waone msafara ulitoka wapi na ulikwamia wapi.

Mto Lufira:

Fanya hivyo. Kati ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na Jadotville ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Weka alama ya daraja karibu zaidi na Likasi.